Nani Anabaki na Mtoto? Malezi ya mchana, tangu UWT hadi Chamazi

Ukishika barabara ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande, kusini mwa Dar es Salaam, vibao vya nasari na "Ingilishi Midiamu" vinakupokea hata kabla hujaingia Chamazi. Mgeni angedhani kwamba huku suala la watoto wadogo limeshamalizwa. Halijamalizwa, kwa sababu darasa la vidudu huruhusu watoto saa ambayo mama muuza samaki wa Feri, au mama lishe wa Kariakoo, hajaanza hata kufikiria daladala ya kurudi. Wapo wanaowalaumu wazazi kwa pengo hilo na wapo wanaoilaumu hali ngumu ya maisha. Mimi naona chanzo kiko kwenye historia. Kituo cha watoto nchini kwetu kilianza kama msaada kwa mama mwenye kazi, kikageuzwa kidogo kidogo kuwa shule, na kilipokuwa shule kikaacha kuhesabu saa za mama.

Enzi ya mkoloni elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi, na chekechea za mjini zilikuwa za watoto wa Kizungu na wa Kihindi. Mtoto wa Mwafrika alibaki kwa bibi, au mgongoni. Baada ya Uhuru kazi hiyo ilishikwa na akina mama wenyewe. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (baadaye wa Tanzania), UWT, uliundwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, na vituo vya kulelea watoto vikawa miongoni mwa shughuli zake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamtaka kila mtu mwenye nguvu afanye kazi, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, akashauri watoto waanze darasa la kwanza wakiwa wamekua zaidi. Ukiyaweka mawili hayo pamoja unaliona swali lililozaliwa: mama yuko shambani, shule inamsubiri mtoto afike miaka saba, na katikati yake nani anakaa naye? Vijiji vya miaka ya 1970 vilijibu kwa banda, mkeka, sufuria la uji na mlezi aliyechaguliwa na kijiji. Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ya mwaka 1981 ilikuja kuvipa vituo hivyo taratibu na usajili, na tazama jina lake lilivyosema wazi: kulelea, mchana.

Sheria ilifika wakati sufuria limeanza kukauka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa bidhaa viliviacha vijiji bila cha kupika. Mjini mshahara ulipoteza thamani kiasi kwamba, kama alivyoonyesha mtafiti Aili Mari Tripp katika utafiti wake wa Dar es Salaam ya miaka hiyo, miradi midogo ya wanawake ndiyo iliyobeba kaya nyingi: maandazi, ushonaji, kusuka nywele. Kwa hiyo katika muongo uleule mama wa mjini alitoka nyumbani kwa wingi kuliko zamani huku huduma ya kumshikia mtoto ikinywea. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yalifungua milango ya biashara, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaitambua rasmi elimu ya awali ya watoto wa miaka mitano na sita. Lilikuwa jambo jema, silipingi. Lakini tangu hapo mjadala ukawa wa silabi, sare na lugha ya kufundishia. Mtoto wa miaka miwili hana silabi, basi akasahaulika.

Chamazi imeupokea usahaulifu huo ukiwa na uzito wote. Jiji la Dar es Salaam, lililokuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967 lilihesabiwa kuwa na 5,383,728 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imemezwa na pembezoni kama hizi. Baadhi ya waliofika hawakuchagua. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa wakazi Kurasini, kundi lao, likisaidiwa na shirika la CCI na vikundi vya akiba vya maskini wa mijini, lilinunua ekari 30 Chamazi mwaka 2009 na kuanza kujenga nyumba kwa ushirika. Walipata ardhi, tena yao wenyewe. Riziki ilibaki bandarini na sokoni, na saa za barabarani zikakatwa kwenye saa za mtoto. Anayesema kwamba malezi ni kazi ya familia, na kwamba bibi zetu walitulea bila kituo, anasema kweli juu ya ua la kijijini lenye shangazi watatu. Katika chumba na sebule cha mtaa wa Saku, hapahapa Chamazi, bibi yuko Lindi au Kilosa, na shangazi naye amepanda gari la saa kumi na moja alfajiri.

Wengine watakumbusha kwamba Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na kwamba tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada. Ndivyo ilivyo, na mtoto wa miaka mitano amefaidika. Bado inabaki miaka ya kabla ya hapo, na yanabaki masaa ya baada ya kengele, ambapo mtoto huyohuyo anarudi peke yake kando ya barabara ya bodaboda. Kwamba njia ya shule inaweza kufanywa salama kwa gharama ndogo limeshathibitishwa hapahapa Dar es Salaam: shirika la Amend lilijenga njia za waenda kwa miguu na matuta, likahamisha na mageti ya shule yaliyotazamana na magari, na mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Kwa familia zenye uwezo kiasi dawa ya masaa hayo ilikuwa bweni, hadi Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulipopiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Marufuku hiyo ilikuwa sahihi. Mtoto wa miaka mitano hana cha kufanya bwenini. Ila ilifunga mlango mmoja bila kufungua mwingine, kwa kuwa mzazi aliyempeleka mtoto bweni mara nyingi alikuwa anatafuta mtu wa kumwangalia hadi jioni, na masomo yalikuja nyuma ya hilo.

Mtu huyo kwa kawaida ni jirani. Mama mmoja anabaki na watoto sita au saba sebuleni, kila mmoja na chupa yake ya uji na kanga yake ya kulalia, kwa malipo ya siku. Mlangoni kuna jiko la mkaa, uani kuna ndoo ya maji iliyo wazi na shimo la choo lililofunikwa kwa bati. Macho ni mawili. Siku mlezi akiugua, akina mama saba hawaendi kazini. Vyumba hivi vingi havimo kwenye daftari lolote, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981, inataka kituo cha kulelea watoto kisajiliwe na kukaguliwa. Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoibuka: ukileta mkaguzi na masharti ya majengo, vyumba vitafungwa au bei itapanda, na mtoto ataishia kufungiwa ndani na kaka yake wa miaka minane. Nakubali kwamba hatari hiyo ni ya kweli. Ukaguzi unaoanza na kufuli ni balaa kwa maskini.

Lakini pwani yetu ina ushahidi kwamba kiwango kinaweza kupanda bila kumfukuza mlezi. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ulifika Zanzibar mwaka 1990, kisha Kampala. Haukuanza na majengo. Uliwachukua wanawake wa mtaa uleule, wengi wao wasio na cheti cha ualimu, ukawafundisha na kuwatembelea darasani, ukatumia vifuu, vizibo na mbegu kama vifaa vya kuchezea na kuhesabia, na kamati ya wazazi ikasimamia hesabu. Ukaguzi ulikuja pamoja na msaada, na hilo ndilo lililokosekana kwetu tangu 1981: afisa ustawi wa jamii alipewa fomu, hakupewa mfuniko wa shimo wala siku tatu za kumfundisha mlezi huduma ya kwanza.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imerudisha kwenye karatasi neno malezi pamoja na lishe na ulinzi, kuanzia mtoto anapozaliwa. Fedha nazo hazihitaji kusubiri wafadhili. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Maafisa wamezoea kupokea maombi ya cherehani, ya kuku wa mayai, ya sabuni za maji. Kikundi cha walezi watano wa Chamazi wanaotaka mageti, magodoro na mfuniko wa zege nacho kinafanya biashara, tena biashara inayowawezesha wateja wake kuwa kazini Kariakoo na Feri. Kinachotakiwa katika Manispaa ya Temeke, ilipo Chamazi, ni kukiandika chumba cha jirani kwenye orodha ya miradi inayokopesheka, na kumpeleka afisa ustawi pale mlangoni kabla ya mkaguzi.