Muhimbili, Hamad na Elimu ya Wodini

Ninaishi mtaa wa Mesaimeer, kusini mwa Doha. Napanda basi alfajiri kwenda Hospitali Kuu ya Hamad. Ni muuguzi, na kazi hii nilifundishwa Muhimbili, Dar es Salaam.

Historia za hospitali za Dar es Salaam na Doha zinakaribiana sana mwanzoni. Mwaka 1956, Dar es Salaam ilifunguliwa hospitali iliyopewa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Mwaka 1957, Doha ikapata Rumailah, hospitali yake kubwa ya kwanza. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, wamisionari wa Kimarekani waliitwa na mtawala wa Qatar waje kutibu watu. Rumailah ilijengwa kwa neema ya mafuta, ambayo Qatar ilianza kuyauza nje mwaka 1949.

Kisha kila nchi ikashika njia yake. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wapatao 12. Haikuwa na fedha za kuajiri wageni wa kutosha, ikabidi ifundishe watu wake: shule ya udaktari ilianza mwaka 1963. Qatar iliweza kuajiri. Madaktari walitoka Misri, Sudan na India. Wauguzi walitoka Kerala na Ufilipino. Shirika la Tiba la Hamad liliundwa mwaka 1979, na Hospitali Kuu ikafunguliwa mwaka 1982. Lakini kijana wa Qatar aliyetaka udaktari alikwenda kusoma ng'ambo hadi chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York kilipoanzisha tawi lake Doha mwaka 2001. Madaktari 15 wa kwanza walihitimu mwaka 2008.

Chuo kilipokuja, kilikuta wodi zenye walimu tayari. Nimewaona wakifundisha. Usiku mmoja wa kiangazi aliletwa fundi wa ujenzi kutoka Bangladesh, amepungukiwa maji kwa joto, mishipa haionekani. Daktari kijana alichoma mara mbili akakosa. Muuguzi wa Kerala, mtu mzima anayekaribia kustaafu, aliushusha mkono wa mgonjwa chini ya usawa wa kitanda, akafunga mpira, akasubiri. Hakutazama, alipapasa kwa kidole kimoja mpaka mshipa ukamjibu. Kisha akakishika kidole cha daktari, akakiweka palepale. "Sindano ilale, daktari. Usiisimamishe." Damu ikaingia kwenye kanula, mpira ukafunguliwa, dripu ikaanza kwenda. Mgonjwa akasema kwa Kihindi cha kuungaunga, "Asante, sista." Muuguzi akaenda kitanda kinachofuata.

Hivyo ndivyo elimu inavyopita katika hospitali ya kufundishia. Profesa hupita asubuhi na wanafunzi wake, huuliza maswali, hueleza ugonjwa. Ila mkono hufundishwa na mkono, na mara nyingi ni mkono wa muuguzi, saa ambazo profesa yuko nyumbani. Muhimbili nilifundishwa vivyo hivyo na akina mama wauguzi waliokuwa wamewaelekeza mabingwa wetu tangu wakiwa wanafunzi. Uhaba ulitufanya sisi tuanze mapema kufundisha madaktari, na utajiri uliwafanya wenzetu wachelewe. Katika nchi zote mbili, wauguzi ndio waliobeba kazi hiyo bila kuitwa walimu.

Kumbukumbu za hospitali zina amri za serikali, majina ya viongozi na tarehe za kufungua majengo. Wauguzi waliokuja Doha miaka ya 1980 sasa wanastaafu na kurudi kwao. Wa Muhimbili wa miaka ya 1960 wengi wameshatutoka. Enyi mnaoandika historia ya tiba, wafuateni waliobaki, muwahoji na kuyaandika majina yao, wangali hai.