Picha Mbili za Kaifeng

Mwaka 1074 afisa wa ngazi ya chini aitwaye Zheng Xia, msimamizi wa lango la Anshang katika mji wa Kaifeng, makao makuu ya China ya enzi ya Song, alimpelekea mfalme Shenzong picha. Mvua ilikuwa imekatika tangu mwaka uliotangulia, na kila siku alikuwa akiwaona wakulima wakipita langoni kwake na watoto wao, nguo zimewararukia mwilini, wakila mizizi na mbegu za majani. Baadhi yao walifungwa minyororo huku wamebeba vigae na mbao za nyumba zao wenyewe, wakauze ili walipe deni la serikali. Ofisi zilikataa kuipokea barua yake iliyoambatana na picha hiyo, basi akaituma kwa njia ya taarifa za dharura za kijeshi. Aliandika kwamba amri zinazowaumiza wananchi zikiondolewa na mvua isinyeshe katika siku 10, yeye akatwe kichwa. Mfalme aliitazama picha ile tena na tena, akakosa usingizi, na kulipokucha akasimamisha amri kadhaa. Waziri wake mkuu, Wang Anshi, aliondoka madarakani mwaka huohuo.

Picha hiyo imepotea. Picha ya Kaifeng inayojulikana duniani ni nyingine, aliyoichora Zhang Zeduan miongo michache baadaye, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Kasri la Wafalme mjini Beijing. Ni mkunjo wa hariri wenye kimo cha sentimita 25 hivi na urefu wa zaidi ya meta 5, na ndani yake mna mamia ya watu: wabeba machela, mpiga ramli na wateja wake, duka la dawa, nyumba ya pombe yenye ghorofa, ngamia wakitoka langoni. Vitabu vingi vya historia hufungua sura ya maisha ya Wachina wa kale kwa picha hii, na kwa sababu nzuri. Lakini mimi naamini kwamba anayetaka kuijua jamii ya enzi ya Song, iliyotawala kutoka mwaka 960 hadi 1279, anapaswa kuziweka picha zote mbili mezani, hata kama moja anaijua kwa maelezo tu. Mji ule wa neema ulilishwa na watu walewale waliokuwa wakipita mbele ya Zheng Xia.

Ili kuona neema yenyewe ilikuwa mpya kiasi gani, turudi nyuma kidogo, mpaka Chang'an, makao makuu ya enzi ya Tang. Chang'an ulikuwa mji mkubwa kuliko yote ya zama zake, nao ulipangwa kama kambi. Mitaa zaidi ya 100, kila mmoja na kuta zake na milango yake. Biashara ilifanyika katika masoko mawili tu, la Mashariki na la Magharibi, yaliyofunguliwa adhuhuri kwa ngoma 300 na kufungwa kabla ya jua kuchwa. Ngoma za jioni zikishalia, milango ya mitaa ilifungwa, na aliyekutwa barabara kuu bila sababu ya kazi ya serikali, harusi, ugonjwa au msiba alichapwa viboko 20. Watu walisubiri sikukuu ya taa, mwanzoni mwa mwaka, wapate usiku chache za kutembea huru.

Kaifeng haukuwa na subira hiyo. Mwaka 965 mwanzilishi wa utawala wa Song, mfalme Taizu, aliruhusu masoko yaendelee hadi zamu ya tatu ya usiku, yaani karibu na saa sita. Kuta za mitaa zilikuwa zikibomoka, maduka yakatazama barabarani, na hatimaye hakuna aliyeshughulika tena na ngoma. Meng Yuanlao, aliyeishi mjini humo ujanani na kukamilisha kumbukumbu zake mwaka 1147, anaeleza kwamba soko la usiku likifungwa, la alfajiri lilikuwa tayari linafunguliwa. Kitabu chake ni hazina, kwa sababu alipenda kula na alikuwa na kumbukumbu ya mtu aliyepoteza kila kitu. Anataja wauza utumbo na maini ya kondoo, tambi, samaki, matunda yaliyokaushwa, vinywaji vya baridi vya kiangazi, na vibanda vya karibu na Daraja la Zhou vilivyochoma nyama hadi usiku wa manane hata kipindi cha theluji. Familia nyingi za wafanyabiashara hazikupika kabisa. Zilinunua chakula kila siku. Aliyekuwa na sherehe aliweza kukodi kila kitu, kuanzia viti na sahani hadi wapishi na waandaaji.

Kabla jua halijachomoza, watumishi wa mahekalu walipita mlango kwa mlango wakigonga vibao vya chuma kutangaza zamu ya tano. Kila hatua 300 hivi palikuwa na kituo cha askari watano wa zamu. Kwenye sehemu za juu palijengwa minara ya matofali, ambako mlinzi aliangalia moto mchana na usiku, na chini yake vilisubiri ndoo, ngazi, kamba na ndoana. Mji wa mbao wenye watu wapatao milioni moja ulihitaji hayo yote. Kulikuwa pia na maeneo ya burudani yenye kumbi nyingi, kubwa kuliko zote ikichukua maelfu ya watu, na humo wasimulizi wa hadithi, wapiganaji wa mieleka, wacheza vikaragosi na waigizaji walifanya kazi mvua ije, jua liwake.

Hata pesa ilikuwa na desturi zake za mtaani. Sarafu za shaba zilikuwa na tundu katikati, zikatungwa kwenye kamba, na mtungo kamili ulipaswa kuwa na 1,000. Lakini mia ya Kaifeng haikuwa mia. Serikalini ilihesabiwa kwa sarafu 77, sokoni 75, kwa wauza samaki, nyama na mboga 72, na kwa maandishi 56. Mgeni asiyejua angedhani anaibiwa. Aliyezaliwa pale alijua mia ya kila duka.

Mchele wa mji huu haukutoka karibu. Ulitoka kusini, bonde la mto Yangzi, ukapanda kwa mashua kupitia mfereji wa Bian. Lengo la kila mwaka lilikuwa shi milioni 6, zaidi ya tani 300,000. Katika mkunjo wa Zhang Zeduan, mahali panapovutia macho zaidi ni daraja la upinde lililofumwa kwa magogo bila nguzo hata moja majini, maana nguzo zingegongwa na mashua. Chini yake mashua inakuja ikiwa imepinda, mlingoti unashushwa kwa haraka, mabaharia wanasukuma kwa miti, walioko darajani wanapiga kelele na kurusha kamba. Mbali zaidi, kando ya maji, wanaume wameinama wakivuta mashua kwa kamba mabegani. Hapa ndipo mchoraji, labda bila kukusudia, anatuonyesha mzigo wa mji ulikuwa juu ya mabega ya nani.

Nyuma ya wavuta kamba kulikuwa na wakulima, walio wengi mno katika nchi. Dola iliwagawa katika makundi mawili: kaya zenye ardhi, zilizopangwa katika madaraja matano ya kodi, na kaya "wageni", waliolima mashamba ya wengine na mara nyingi kutoa nusu ya mavuno. Kodi kuu ilidaiwa mara mbili kwa mwaka, kiangazi na vuli. Maendeleo yalikuwepo. Mwaka 1012 mfalme Zhenzong, kwa hofu ya ukame, aliagiza mbegu za mpunga wa Champa zichukuliwe Fujian na kugawiwa mikoa ya Yangzi. Mpunga huo uliiva mapema na kuvumilia uhaba wa maji, na katika sehemu zenye rutuba ukawawezesha watu kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Lakini kati ya kupanda na kuvuna kulikuwa na miezi ya njaa, na miezi hiyo ilikuwa mali ya wakopeshaji. Wang Anshi alilijua tatizo hili kuliko waziri yeyote wa zama zake. Mwaka 1069 alianzisha mikopo ya serikali ya wakati wa miche michanga, kwa riba ya asilimia 20, nafuu sana ikilinganishwa na ya matajiri wa vijijini. Nia ilikuwa njema, naamini hivyo. Kilichoharibu ni kwamba maafisa walipimwa kwa wingi wa mikopo waliyotoa na riba waliyokusanya, wakawalazimisha hata wasiohitaji kukopa. Ukame ulipokuja, mdai hakuwa tena tajiri wa kijiji anayeweza kubembelezwa. Alikuwa dola. Ndiyo maana ya minyororo na vigae aliyoiona Zheng Xia. Yeye mwenyewe, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Wang, baadaye alifukuzwa na kupelekwa uhamishoni.

Mkulima aliyekimbia njaa alikuwa na njia moja iliyo wazi daima: jeshi. Serikali iliwaandikisha wenye njaa kwa makusudi, kwani aliyeko kambini hawezi kuwa mwasi. Walichanjwa alama usoni wasitoroke. Kufikia miaka ya 1040 jeshi lilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2, baadhi yao wakibeba, wakichimba na kujenga kuliko kupigana. Na wengi walikufa mbali na kwao. Mwaka 1104, chini ya mfalme Huizong, ofisi za wilaya ziliamriwa kutenga viwanja vya kuzikia wasio na ndugu wala fedha, mbali na nyumba za wazee na wagonjwa zilizokuwa zimeanzishwa. Huko Sanmenxia, mkoani Henan, waakiolojia walichimba kiwanja kimoja cha namna hiyo na kukuta mamia ya makaburi, mistari kwa mistari. Ndani yake mlikuwa na matofali yaliyochorwa namba ya kaburi, tarehe, na pale ilipojulikana, jina la marehemu na kikosi chake. Kwangu mimi matofali yale yana thamani sawa na hariri ya Zhang Zeduan, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu chache sana ambapo maskini wa miaka 900 iliyopita ameandikwa jina.

Mali ya zama hizo ilifika hadi pwani yetu. Mwaka 1945, huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, lilifukuliwa fungu la sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song, ingawa serikali ya huko ilipiga marufuku mara kwa mara kusafirisha shaba nje. Naye Zhao Rugua, mkaguzi wa biashara ya ng'ambo katika bandari ya Quanzhou, aliandika mwaka 1225 kuhusu nchi aliyoiita Cengba, ambayo wataalamu wanaitambua kuwa pwani ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Anataja dini ya Kiislamu, pembe za ndovu, dhahabu na ambari.

Wakati Zhao anaandika, Kaifeng haukuwa tena mikononi mwa Song. Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen yaliuteka mji, yakawachukua wafalme wawili, na mamia kwa maelfu wakakimbilia kusini. Miongoni mwao alikuwa Li Qingzhao, mshairi mkubwa wa kike wa China. Mumewe alifariki mwaka 1129, na mkusanyo wao wa vitabu na vitu vya kale vya shaba ukapotea vipande vipande njiani. Aliolewa tena, akagundua kwamba mume mpya aliipata kazi yake kwa udanganyifu, akamshitaki. Sheria ilisema mke anayemshitaki mumewe afungwe miaka miwili hata kama anasema kweli. Alishitaki akijua hivyo. Jamaa wenye vyeo walimwombea, akatoka baada ya siku 9, ameachika na huru.

Makao mapya yalikuwa Hangzhou, na wakimbizi wakajenga huko mji wao wa zamani kwa sufuria na majiko. Mmoja wao alikuwa mama lishe aliyejulikana kama Song Wusao, aliyeuza supu ya samaki kando ya Ziwa la Magharibi. Mfalme mstaafu Gaozong, naye mkimbizi wa Kaifeng, aliagiza aitwe kwenye mashua yake, akaionja supu hiyo, akampa zawadi ya fedha na hariri kwa kumhurumia uzee wake. Habari zikaenea, matajiri wakagombea meza, na mama yule akatajirika. Supu ya Song Wusao bado inapikwa Hangzhou.