Moto Juu ya Makaburi: Shauri la Martin Bucer na Paul Fagius

Wanafunzi wa historia ya Kanisa humfahamu Martin Bucer kuwa ni yule mtawa kijana wa Kidominiko aliyemsikia Luther kule Heidelberg mwaka 1518 akavutwa na mafundisho yake, na ambaye baadaye alijitaabisha miaka mingi kuwapatanisha Wajerumani na Waswisi juu ya Chakula cha Bwana. Lisilokumbukwa na wengi ni kwamba mtu huyu alihukumiwa kuchomwa moto akiwa amekwisha kulala kaburini miaka sita.

Baada ya kuikataa ile amri ya Kaisari Karoli wa Tano ya mwaka 1548 iliyoitwa Interim, Bucer alilazimika kuuacha mji wa Strasbourg, akaenda Uingereza mwaka 1549 na kufundisha theolojia Cambridge. Mwenzake Paul Fagius, bingwa wa Kiebrania, alifariki mwaka huo huo akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Bucer alifariki mwaka 1551 akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria, nacho Chuo Kikuu kikamsindikiza kwa heshima kubwa. Lakini mwaka 1553 Malkia Mary alishika enzi, akairudisha nchi chini ya Papa. Januari 1557 wajumbe wa Kardinali Reginald Pole waliwasili Cambridge kukikagua Chuo.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuyafunga makanisa hayo mawili yasitumike kwa ibada. Kwa mujibu wa sheria za Kanisa za wakati ule, ardhi iliyowekwa wakfu hunajisika kwa maiti ya mzushi, hata awe amezikwa kwa nia njema. Mfano ulikuwapo nchini humo humo. John Wycliffe alifariki mwaka 1384; Mtaguso wa Konstanz ukamlaani mwaka 1415, na mwaka 1428 mifupa yake ikafukuliwa, ikachomwa, na majivu yakamwagwa katika mto Swift. Lakini Wycliffe alikuwa kaburini zaidi ya miaka arobaini. Bucer na Fagius walitolewa ndani ya majeneza yao, kama watu waliozikwa jana.

La kushangaza ni jinsi utaratibu wa mahakama ulivyofuatwa. Marehemu waliitwa shaurini. Walio tayari kuwatetea walitakiwa wajitokeze, wala hakujitokeza mtu. Wakahukumiwa kuwa wazushi, wakavuliwa daraja zao takatifu, kisha wakakabidhiwa kwa serikali, kana kwamba walikuwa wakisimama mbele ya waamuzi kwa miguu yao. Tarehe 6 Februari 1557 majeneza yalisimamishwa wima sokoni, yakafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, yakateketezwa pamoja na rundo la vitabu. John Foxe, ambaye hakuficha kwamba alikuwa upande wa Waprotestanti, anasimulia kwamba watu wa vijijini waliokuja sokoni waliudhihaki mnyororo ule: maiti wangekimbilia wapi? Nadhani wakulima wale waliona sawasawa. Mnyororo haukumhusu Bucer. Uliwahusu wanafunzi wake waliokuwa hai, waliosimama pale wakitazama.

Ingekuwa rahisi kwetu kuliishia hapo na kuihesabu habari hii kuwa ni hatia ya Rumi peke yake. La hasha. Miaka miwili na miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Mei 1559, mji wa Basel, uliokwisha kupokea Matengenezo, ulifanya vivyo hivyo. David Joris, kiongozi wa Waanabaptisti kutoka Uholanzi, aliishi mjini humo kwa jina la kubuni tangu mwaka 1544, akihesabiwa kuwa tajiri mcha Mungu aliyekimbia mateso. Alifariki mwaka 1556, akazikwa kwa heshima kanisani. Siri ilipofichuka, wataalamu wa Chuo Kikuu waliulizwa maoni yao, mwili ukafukuliwa, ukachomwa pamoja na vitabu vyake na picha yake. Mkuu wa wachungaji wa Basel wakati huo, Simon Sulzer, alielekea upande wa Walutheri.

Waliotaka andiko la kuwaunga mkono wangeweza kumtaja mfalme Yosia, aliyeichoma mifupa ya makaburini juu ya madhabahu ya Betheli (2 Fal. 23:16). Lakini Yosia huyo huyo, mistari miwili mbele, aliagiza kaburi la mtu wa Mungu lisiguswe. Na katika Amosi 2:1 Moabu anahukumiwa kwa kosa hilo hasa, la kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Ajabu ni kwamba aliyetendewa uovu hapo si Mwisraeli, bali mfalme wa taifa lililokuwa adui wa Israeli.

Julai 1560, chini ya Malkia Elizabeth, Chuo cha Cambridge kiliwarudishia Bucer na Fagius heshima yao. Makamu mkuu wa Chuo siku hiyo alikuwa Andrew Perne, aliyeshika wadhifa huo huo wajumbe walipokuja mwaka 1557. Wanafunzi walimfanyia mzaha kwa kugeuka kwake. Majivu hayakuweza kuzikwa tena. Oxford ilikuwa tofauti. Huko mwili wa Catherine Dammartin, mke wa mwanatheolojia Peter Martyr Vermigli, ulikuwa umefukuliwa vile vile. Lakini mashahidi hawakuweza kueleza imani yake, kwa kuwa hawakuijua lugha yake, hivyo haukuchomwa bali ulitupwa kwenye jaa la samadi. Mwaka 1561 mabaki yake yaliokotwa, yakachanganywa kwa makusudi na mifupa ya Mtakatifu Frideswide, yakazikwa pamoja, ili asiwepo tena wa kuyatenganisha.