Msimbo mmoja, miradi mingi: historia ya kiungo ishara

Mwenye kuandika programu akinakili msimbo ule ule katika miradi mitatu, hitilafu moja atairekebisha mara tatu, na mara nyingi mradi mmoja husahaulika. Dawa mojawapo ya tatizo hili, kiungo ishara, ina historia ndefu kuliko mfumo wa Linux.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuujenga mfumo wa Unix katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969, waliruhusu faili moja iwe na majina kadhaa. Amri ya ln, ya kuongeza jina, ilikuwamo katika toleo la kwanza la 1971. Lakini jina hilo la pili halikuweza kuvuka kwenda diski nyingine, wala mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kuipa folda jina la namna hiyo. Hapo ndipo msimbo wa pamoja ulipokwama, kwani hukaa kwenye folda nzima.

Suluhisho lilikuja na 4.2BSD, toleo la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Kiungo ishara ni faili ndogo iliyobeba anwani tu. Mfumo ukiifikia, husoma anwani hiyo na kwenda inakoelekeza, iwe faili au folda, diski hii au nyingine. Wazo hilo lilikuwamo tayari katika Multics, mfumo ambao Thompson na Ritchie waliufanyia kazi kabla ya Unix.

Linux imelitumia kwa moyo wote. Kwa miaka mingi msimbo wa kiini chake ulikuwa na kiungo kilichoitwa asm, kikielekea kwenye folda ya aina ya kichakataji kilicholengwa. Sehemu za pamoja ziliandikwa mara moja, kiungo kikachagua zilizobaki. Viungo vikizungukana, Linux hukata tamaa baada ya kufuata viungo 40.

Udhaifu wa kiungo ishara unatokana na kubeba anwani tu. Folda ikihamishwa, kiungo hubaki kikielekeza pasipo kitu. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, nayo huhifadhi anwani pekee, si kilichomo, hivyo mwenzako akichukua mradi mmoja bila ile folda ya pamoja, hatapata msimbo.

Kwa hiyo weka folda ya pamoja na miradi yako ndani ya hazina moja ya Git, na unapotengeneza kiungo ishara kwa ln -s tumia anwani inayoanzia pale kiungo kilipo, kama ../pamoja, badala ya inayoanzia kwenye mzizi wa diski yako.