Kihenge, Dola na Njaa: Akiba ya Chakula ya Kaya katika Tanzania ya Kati, 1916–1984

Utangulizi

Historia ya njaa katika Tanzania ya kati imeelezwa mara nyingi kama historia ya mvua. Maelezo hayo yana msingi. Ugogo, nchi inayouzunguka mji wa Dodoma, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na mvua hizo huweza kukatika wakati mazao yangali machanga. Hata hivyo, ukame peke yake hauelezi kwa nini baadhi ya miaka mikavu ilipita kwa dhiki iliyozoeleka ilhali mingine iliangamiza watu kwa maelfu. Insha hii inatetea hoja kwamba tofauti hiyo ilitegemea pia suala la mamlaka: nani aliyeamua juu ya nafaka baada ya kuvunwa. Vipindi vitatu vinachunguzwa, navyo ni Vita Kuu ya Kwanza, uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970, na kuingia kwa mdudu aitwaye dumuzi.

Mantiki ya Akiba ya Nyumbani

Wagogo walitegemea zaidi mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame. Punje za uwele ni ndogo na ngumu, hivyo hazishambuliwi sana na wadudu wa ghalani. Mavuno yalihifadhiwa katika vihenge na vilindo vya magome ya mti, na mara nyingi viliwekwa ndani ya tembe, ambamo moshi wa jikoni ulisaidia kukausha nafaka na kufukuza wadudu. Majani ya mlenda yalikaushwa na kutwangwa ili yawe kitoweo wakati wa kiangazi. Katika kaya za wake wengi, kila mke alikuwa na shamba lake na akiba yake, na yeye ndiye aliyepima kiasi cha kutoa kila siku.

Kihenge hakikuwa akiba pekee. Mwaka wa mavuno mema, nafaka ya ziada ilibadilishwa kwa mifugo. Mwaka wa uhaba, mifugo ilibadilishwa kwa nafaka. Kaya iliyoishiwa ilikwenda kuhemea kwa ndugu, kwa marafiki au katika nchi jirani zilizovuna. Kwa hiyo kujitegemea hakukuwa na maana ya kaya kujifungia. Kulikuwa ni uwezo wa kuunganisha ghala, zizi na ujamaa wa damu, na uwezo huo ulidai kwamba kaya yenyewe iwe na kauli juu ya mali yake.

Mtunya

Vita viliuvunja mfumo huo. Reli ya Kati ilipita Ugogo, na kwa sababu hiyo nchi hiyo ikawa njia na ghala la majeshi. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Waingereza walipoiteka Dodoma mnamo Julai 1916, nao wakaendelea kudai vitu hivyo hivyo. Mvua zilipokosekana katika miaka iliyofuata, vihenge vilikuwa vitupu, mazizi yalikuwa yamepungukiwa, na vijana wengi waliochukuliwa kubeba mizigo hawakuwapo kulima. Wagogo waliiita njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Makadirio ya watawala wa Kiingereza yalitaja vifo vipatavyo 30,000 miongoni mwa watu 150,000. Idadi hizo hazina budi kupokewa kwa tahadhari, kwani zilitolewa na dola iliyohusika na chanzo cha njaa. Ugonjwa wa mafua ulioenea ulimwenguni mwaka 1918 uliongeza maafa.

Jina lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Waliokumbwa na njaa hawakuipa jina la jua wala la mvua. Waliipa jina la tendo la watu. Kinyume chake, utawala wa kikoloni wa miaka iliyofuata uliiona njaa kama matokeo ya uzembe wa mkulima, na kanuni za mamlaka za wenyeji zikazilazimisha kaya kupanda mihogo au mtama kuwa akiba ya njaa.

Kutoka Kihenge hadi Ghala la Taifa

Azimio la Arusha la 1967 liliinua kujitegemea kuwa siasa ya taifa. Utekelezaji wake, hata hivyo, ulihamisha maamuzi mengi kutoka kwenye kaya. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971, na mwishoni mwa 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Biashara ya nafaka iliwekwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Kaya nyingi ziliacha nyumba, mashamba yaliyorutubishwa na samadi, na vihenge vilivyokuwa sehemu ya majengo.

Ukame wa 1973 na 1974 uliikuta nchi katika hali hiyo, na serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Watafiti hawakubaliani kuhusu uzito wa kila sababu: wapo wanaosisitiza ukame, na wapo wanaosisitiza uhamishaji na bei duni. Haki inadai kukiri pia kwamba nafaka iliyogawiwa na serikali iliokoa watu, kwa kuwa hakuna kihenge kinachohimili miaka kadhaa mfululizo ya kukosa mavuno.

Dumuzi

Magharibi ya Ugogo, katika Mkoa wa Tabora, athari ya kutegemea nafaka ya nje ilionekana kwa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima walianza kuona mdudu mpya akitoboa mahindi na makopa na kuyageuza unga. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na inaaminika kwamba aliingia pamoja na mahindi yaliyoagizwa. Wananchi walimwita Scania, kwa jina la malori. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha upotevu uliofikia asilimia 34 ya uzito wa mahindi katika miezi michache.

Dumuzi hustawi hasa katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, na hiyo ndiyo namna ambayo wakulima wengi waliyahifadhi. Ushauri ukawa kupukuchua na kuchanganya punje na dawa ya vumbi. Hivyo akiba iliyolindwa kwa moshi na majivu ikaanza kudai fedha taslimu.

Hitimisho

Vipindi hivi vitatu vinaonyesha kwamba ujuzi wa kuhifadhi chakula haukukosekana katika Tanzania ya kati. Kilichopungua kila mara ni uwezo wa kaya kuutumia ujuzi huo, ama kwa kunyang'anywa nafaka, ama kwa kuhamishwa, ama kwa kukabiliwa na adui asiyezuilika kwa njia za zamani. Kulegezwa kwa biashara ya nafaka kuanzia 1984 kuliirudishia kaya sehemu ya maamuzi, lakini kuliirudishia pia sehemu ya hatari. Kwa sababu hiyo, hifadhi ya taifa inapaswa kupimwa si kwa tani zilizomo ghalani tu, bali pia kwa kiasi cha nafaka inachoiwezesha kaya kubaki nacho hadi mavuno mengine.