Upandikizaji wa Figo: Yampasayo Kuyafahamu Mgonjwa na Ndugu Anayemchangia

Mwezi Novemba mwaka 2017, wataalamu wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Hospitali ya BLK ya New Delhi nchini India, walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania. Mgonjwa alipewa figo na ndugu yake. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ilianza kutoa huduma hiyo kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji figo mpya alilazimika kusafiri nje ya nchi, mara nyingi India, akiongozana na ndugu wa kumchangia.

Kuwapo kwa huduma hiyo nchini kumeondoa safari ya mbali, lakini hakukuondoa swali gumu zaidi ambalo kila familia yenye mgonjwa wa figo hukabiliana nalo: nani atakayechangia? Huduma ya upandikizaji nchini imejengwa juu ya wachangiaji walio hai, ambao ni ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo matibabu haya humhusu mgonjwa, na humhusu pia mtu mwenye afya njema anayekubali kufanyiwa upasuaji kwa faida ya mwingine.

Kazi ya figo na namna zinavyoshindwa

Binadamu huwa na figo mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi, zilizo upande wa mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Sehemu kubwa hurudishwa mwilini, na lita 1 hadi 2 tu hutoka kama mkojo. Figo pia hurekebisha shinikizo la damu, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu na husaidia kuimarisha mifupa.

Figo zinaweza kushindwa ghafla kutokana na malaria kali, kuhara kulikomaliza maji mwilini, kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua au sumu. Mgonjwa wa aina hii akiwahi matibabu, figo zake zaweza kurejea katika hali ya kawaida. Hali ni tofauti kwa ugonjwa sugu wa figo, ambao huendelea kwa miezi na miaka, na ambao visababishi vyake vikuu ni kisukari na shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huo hugawanywa katika hatua 5. Kijana mwenye afya huwa na uwezo wa kuchuja unaofikia mililita 90 au zaidi kwa dakika. Katika hatua ya mwisho uwezo huo hushuka chini ya mililita 15. Hapo ndipo mgonjwa huhitaji msaada wa mashine au figo ya mtu mwingine ili aendelee kuishi.

Huduma ya kusafisha damu

Mashine ya kusafisha damu ilibuniwa na daktari Willem Kolff nchini Uholanzi mwaka 1943. Damu hutolewa mwilini kwa mpira, hupitishwa katika kichujio na kurudishwa ikiwa imeondolewa taka na maji ya ziada. Kwa kawaida mgonjwa huhudhuria mara 3 kwa wiki, na kila awamu huchukua takriban saa 4.

Huduma hii huokoa maisha, lakini haifanyi kazi yote ya figo. Mgonjwa hupimiwa maji ya kunywa, hupunguza chumvi na baadhi ya matunda, na huendelea kutumia dawa za kuongeza damu. Anayeishi mbali na kituo hulazimika kuhama au kusafiri kila mara, na kazi yake pamoja na ya ndugu anayemsindikiza huathirika. Kwa sababu hizo, mgonjwa ambaye afya yake inaruhusu hushauriwa kufikiria upandikizaji mapema, badala ya kusubiri hadi mwili udhoofike.

Upandikizaji unavyofanyika

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, ukiongozwa na daktari Joseph Murray, ambaye mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mchangiaji na mgonjwa walikuwa pacha wa kufanana, hivyo mwili wa mgonjwa haukuiona figo ile kuwa kitu kigeni. Kwa wagonjwa wasio na pacha wa namna hiyo, mafanikio yalisubiri dawa za kutuliza kinga ya mwili.

Figo mpya huwekwa sehemu ya chini ya tumbo, upande wa kulia au wa kushoto, ikaunganishwa na mishipa ya damu na kibofu cha mkojo. Figo za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Figo iliyotoka kwa mtu aliye hai mara nyingi huanza kutoa mkojo wakati mgonjwa angali katika chumba cha upasuaji.

Nani anaweza kuchangia

Kipimo cha kwanza ni kundi la damu. Mwenye kundi O anaweza kumchangia mtu wa kundi lolote. Mwenye kundi AB anaweza kupokea kutoka kundi lolote. Na alama ya chanya au hasi inayofuata kundi la damu haizuii uchangiaji wa figo. Hufuata kipimo cha kulinganisha aina za tishu, kisha damu ya mgonjwa hukutanishwa na chembe za mchangiaji ili kuona kama itazishambulia. Ndugu wa baba na mama mmoja huwa na nafasi nzuri ya kulingana, lakini udugu pekee si uthibitisho.

Mchangiaji huchunguzwa figo zote mbili, moyo, mapafu, sukari, shinikizo la damu na magonjwa ya kuambukiza. Mwenye kisukari au dalili zozote za ugonjwa wa figo hakubaliwi, hata akiwa na nia njema kiasi gani, kwa kuwa tiba ya mtu mmoja haipaswi kuzalisha mgonjwa wa pili.

Figo moja yenye afya hutosheleza mahitaji ya mwili. Baada ya uchangiaji, figo iliyobaki hutanuka na kuongeza kazi. Hata hivyo, upasuaji huo una hatari zake: kutokwa damu, maambukizi, maumivu na, kwa nadra sana, kifo. Takwimu za Marekani zimeonyesha vifo takriban 3 kwa kila wachangiaji 10,000. Mchangiaji anastahili kuelezwa hayo kwa lugha anayoielewa, na baadaye kupimwa shinikizo la damu na figo mara kwa mara katika maisha yake yote.

Hiari ya mchangiaji

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, iliyoidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2010, inataka mchangiaji aliye hai aamue kwa hiari, akiwa na taarifa kamili na bila kushurutishwa. Miongozo hiyo inakataza kuuza na kununua viungo vya mwili. Kumrudishia mchangiaji gharama halisi, kama vile nauli na kipato alichopoteza, hakuhesabiwi kuwa malipo ya figo.

Katika familia, shinikizo huweza kuja bila mtu kukusudia. Mdogo anayetegemea kaka yake kwa ada ya shule, au mke anayetazamwa na wakwe zake, anaweza kuitikia kwa kuogopa lawama. Ndiyo maana utaratibu unaokubalika kitaalamu ni mchangiaji kuhojiwa peke yake, pasipo mgonjwa wala ndugu wengine kuwapo. Anaweza kubadili uamuzi wakati wowote kabla ya upasuaji. Akifanya hivyo, wataalamu huweza kuieleza familia kwamba hafai kuchangia, bila kutaja sababu, ili asibebeshwe lawama. Anayekataa hajamnyima ndugu yake haki yake, kwa kuwa figo haidaiwi, hutolewa.

Maisha baada ya upandikizaji

Upandikizaji ni tiba inayohitaji nidhamu ya kudumu. Mgonjwa hutumia dawa za kuzuia mwili kuikataa figo, zikiwamo takrolimasi na predinisoloni, kila siku kwa saa zilizopangwa, kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Kuacha dozi kwa siku chache kwaweza kuipoteza figo. Dawa hizo pia hupunguza uwezo wa mwili kupambana na maradhi. Homa, kupungua kwa mkojo, kuvimba miguu au maumivu palipopandikizwa figo ni dalili za kurejea hospitali mara moja. Kwa uangalizi mzuri, figo kutoka kwa mchangiaji aliye hai hudumu kwa wastani wa miaka 15 hadi 20.

Familia inapopanga matibabu, inafaa kuulizia hospitalini na kwa mfuko wa bima gharama za vipimo vya mchangiaji, upasuaji na dawa za kila mwezi, kwa kuwa gharama za dawa huendelea baada ya upasuaji kwisha.

Kuwahi kupima

Ugonjwa sugu wa figo hauumi katika hatua za mwanzo, na wengi hugundua wakati uwezo mkubwa wa figo umekwisha kupotea. Vipimo vya kuubaini ni viwili vya kawaida: kiwango cha kreatinini katika damu na protini katika mkojo. Wenye kisukari, shinikizo la juu la damu au ndugu wa karibu mwenye ugonjwa wa figo wanashauriwa kupima angalau mara moja kwa mwaka. Wananchi pia wanatahadharishwa dhidi ya kutumia kwa muda mrefu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni bila ushauri wa daktari, pamoja na dawa za mitishamba zisizojulikana viambato vyake.

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya mwezi Machi. Kwa mtu aliye katika hatari, hata hivyo, hakuna sababu ya kuisubiri: kipimo kilichofanywa mapema chaweza kumwezesha kuzilinda figo zake mwenyewe, na kuiepusha familia yake na uamuzi wa nani ampe figo.