Waliotangulia Kujitolea kwenye Njia ya Maniema

Mgeni anayekwenda kujitolea katika misioni za Maniema ya kusini, iwe Kasongo, Kabambare au Lusangi, hushangazwa kwanza na Kiswahili. Yuko ndani kabisa ya Kongo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, na bado wenyeji wanamkaribisha kwa lugha ya pwani. Kiswahili kilifika huko na misafara ya pembe na watumwa, iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, kisha ikashika njia ya Kabambare kwenda Kasongo, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip. Mapadri Weupe walipofungua misioni Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, walikuta lugha hiyo imeshaota mizizi, na Uislamu pia.

Walei wa kujitolea walikuwa wameanza kazi mapema zaidi, kule ziwani.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, aliona mapema kwamba mapadri peke yao hawangeweza. Kwanza akaajiri wanajeshi waliowahi kumlinda Papa, ili wawalinde wamisionari. Kazi yao ilikuwa ya hatari tangu siku za mwanzo: Mei 1881, huko Rumonge, Burundi ya leo, mmoja wao aliyeitwa D'Hoop aliuawa pamoja na mapadri wawili. Anayejulikana zaidi ni Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyefika Mpala, ufuko wa magharibi wa ziwa, mwaka 1887. Alifundisha vijana kutumia bunduki ili kuzuia uvamizi wa watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji. Mwaka uliofuata alimwoa Agnes Atakao, binti wa huko huko, na hakurudi tena kwao. Alifariki karibu na Moba mwaka 1927.

Vitabu vya misioni vimemsifu sana Joubert na bunduki yake. Kwa haki, Adrien Atiman alistahili kurasa nyingi zaidi.

Huyu alizaliwa Tindirma, karibu na Timbuktu, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, hadi mapadri walipomkomboa nchini Algeria. Lavigerie alimpeleka Malta, pamoja na vijana wengine waliokombolewa, akasomea udaktari ili awe mganga na katekista. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, ufuko wa mashariki wa ziwa. Fikiria hali yake: Mwafrika, lakini mgeni, lugha hajui, chakula hakijui, na nyumba ya misioni ni ngome ya zamani ya Wabelgiji, waliyokabidhiwa mapadri mwaka 1885. Ujuzi wa Malta ulimsaidia kupasua na kutibu majeraha. Hata hivyo, aliketi pia na waganga wa jadi, akajifunza majani na mizizi yao, akachanganya elimu hizo mbili. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa utotoni ndiye aliyewatibu watu wa ziwa lile lile ambalo watumwa wa Maniema walivushwa wakiwa na minyororo.

Biashara ya watumwa ilivunjika baada ya jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, kuiteka Kasongo mwaka 1893 na Kabambare mwaka uliofuata. Njia za misafara zikawa njia za misioni pia, na mapadri wakatumia Kiswahili kile kile cha wachukuzi kufundishia katekisimu.

Wageni hawakubaki peke yao madhabahuni. Mwaka 1917, huko Baudouinville, Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Wakongo wa zama hizi. Alikuwa amesoma Mpala, pale pale alipofika Joubert. Ng'ambo ya ziwa, Atiman alikuwa bado anatibu wagonjwa Karema, na mwaka 1923 mwanawe Joseph naye akawa padri.